Ndege Iliyopakwa Sifa

Mtu akipaka chombo sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka kooni, wenzangu hukimbia. Mimi nasimama palepale nivute hewa.

Nilikuwa mdogo, tuko Ras Kisimani na bibi yangu, wavuvi wa Kilwa wanapaka mashua yao. Bibi akasema utotoni mwake, kwenye vita vya Mjerumani, aliona ndege ya vita ikitua baharini.

"Acha bwana, bibi! Ndege ielee kama bata?" Mvuvi mmoja, mtu mzima, akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikaokota jiwe. Amcheke mwingine, si bibi yangu!

"Tupa hilo, mume wangu," bibi akaniambia. Kisha akamgeukia mvuvi. "Jua liliyeyusha gundi ya ile ndege, kitambaa cha mabawa kikabanduka. Vijana wakaipaka sifa, si chombo kile? Mzungu aliyeirusha akamzaba kibao kijana mmoja wa kwenu Kilwa, jino likamtoka."

Mvuvi akaacha kupaka. "La mbele?"

"La mbele."

"Baba yangu huyo. Alitusimulia, tukamwita mwongo mpaka tukamzika."

Bibi akasogea kwenye gogo alilokalia, akampisha akae.