Herini za Mama na Blanketi ya Papa Sylvain

Enzi zetu, siye watoto wa mutaa wa Mbunya, kuosha zahabu nyumbani haikuwa mambo ya kuangalia mu telefone. Juzi mutoto wa dada yangu alinionyesha video: muzungu mumoja amekaa nyuma ya nyumba yake na sahani ya plastiki, anajifunza kuchuja muchanga, eti ni ya kujifurahisha siku ya mapumziko. "Tantine, ona maajabu!" Maajabu gani? Niliifanya nikiwa na miaka tisa, mu karai ya mama. Hasira ikanipanda pale pale, mutoto akafikiri nimemukasirikia muzungu.

Tulikuwa tumetoka tu ukimbizini. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu bado walilala na viatu. Mama alikuwa ameacha herini zake za zahabu kwa mwenye lori aliyetutorosha. Ili matundu ya masikio yasizibe, alitia vijiti vya ufagio. Kila siku ya Mungu, kanisani, masikio ya mama wengine yanametameta, ya mama yangu yako na ufagio! Nikaapa moyoni nitamupatia zingine.

Mujomba wangu alikuwa anachimba zahabu kwenye mashimo ya Mongbwalu. Akija kututembelea alileta nusu mufuko ya muchanga walioisha kuosha, maana daima zahabu inabaki kidogo. Siku ya kwanza nilichukua karai ya sombe, yale majani ya muhogo, yenye harufu ya mawese bado, nikazungusha, nikamwaga maji kwa maringo. Mujomba akashika kichwa. "Yesu wangu! Mafuta na zahabu hazipatani, mutoto! Mafuta inaibeba juu, maji inaenda nayo!" Tangu siku ile nilisugua karai na majivu kwanza, hata mara tatu. Nikajifunza kuinamisha kidogo, kuzungusha polepole, kuacha maji itoke yenyewe, mpaka kule chini ibaki kamukia kadogo ka njano, vumbi ya zahabu. Mugongo uliuma, vidole vilikunjamana kama vya bibi. Wenzangu wakiruka kamba, mimi niko na karai.

Nilitunza ile vumbi mu kibomba cha biki, kalamu iliyoisha wino, nimeziba na nta ya mushumaa. Ilipofika nusu, nikaenda kwa Papa Sylvain, jirani yetu, mununuzi wa zahabu. Mu sanduku yake alikuwa na herini ndogo, na alikuwa ameniahidi kubadilishana. Meza yake ilifunikwa na blanketi nzito yenye manyoya. Akamwaga vumbi yangu juu ya karatasi. "Muchanga mweusi iko mingi humu, binti." Akapuliza. Akapuliza tena. Mara ya tatu akapuliza kama mutu anayewasha jiko. Iliyobaki haikuinua hata kijiti kimoja cha kiberiti, vile alivyopimia nayo mu mizani yake. "Pole, binti. Ujikaze." Nikarudi nyumbani nalia, nikijilaumu kwamba sijui kuosha.

Kesho yake asubuhi mama akanituma kwa muke wa Papa Sylvain, kuomba chumvi. Nikamukuta kwenye uwanja, ile blanketi iko mu karai. Nikaona karai imesuguliwa na majivu. Akaikamua blanketi, akaiweka kando, lakini maji hakumwaga. Aliinamisha karai kidogo, akaizungusha polepole. Jamani, nani anafua hivyo? Kule chini nikaona kamukia ka njano, ile zahabu yangu iliyopulizwa mu manyoya. Aliponiona, alifunika karai na kikwembe chake.

Nilikimbia kumwambia mama. Nilitaka aende, apige kelele, avunje ile mizani! Mama akaziba kinywa changu na mukono wake. "Nyamaza. Ule mutu anakula na wenye bunduki. Vita imelala juzi tu, usiiamushe." Basi, ndiyo amani waliyotupa: mwizi anapuliza, mwenye kuibiwa anashika pumzi. 

Vijana wa leo wangemupiga video, dunia nzima ingeona kabla ya chakula cha mangaribi. Muchanga hawaujui, karai hawajagusa, lakini midomo wanayo, na hapo ninawaonea wivu. Siye tulikuwa na mikono yenye akili na midomo iliyozibwa.

Nilipoanza kazi, nilimununulia mama herini za zahabu. Hazitoki masikioni, hata akienda shamba. Mwaka uliopita Papa Sylvain akafariki. Kwenye kilio watu walisimama mumoja mumoja kumusifu: mutu wa amani, mutu wa amani. Mama alifika amechelewa, na kikwembe kizuri, akakaa mustari wa mbele kabisa, karibu na sanduku ya marehemu. Mu masikio yake: vijiti viwili vya ufagio. Mujane akamwinamia, akamuuliza taratibu herini zimeenda wapi.

"Muulize bwana yako," mama akasema, kwa sauti ambayo kila mutu alisikia.