Kurasa Zilizopigwa Picha

Simu yangu hutamka ninachogusa. Nikipitisha kidole juu ya kioo, sauti inanisomea neno kwa neno, na hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma riwaya bila kuazima macho ya mtu. Kwa hiyo kikundi chetu cha waandishi wa Mpanda kilipoamua kufungua tovuti ya hadithi, niliomba kitu kimoja tu: nami niweze kuisoma peke yangu.

Walikubali kwa shangwe. Tulikaa mtaa wa Makanyagio, katika chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, tukagawana kazi. Mchoraji angechagua rangi zinazotofautiana vizuri, kwa ajili ya wenye macho hafifu. Mtengeneza tovuti angekipa kila kitufe jina ambalo simu inaweza kulitamka. Sisi waandishi tungeieleza kila picha kwa maneno.

Rafiki yangu, mtoto wa wafugaji, aliyenisomea vitabu miaka yote ya sekondari, alinipiga bega, akanitania mimi mtoto wa wakulima wa mpunga. "Sasa nitapumzika. Nyie wala wali mnachosha koo!"

Siku ya uzinduzi, makofi yakiwa bado yanalia, nilifungua tovuti nikatafuta hadithi yangu.

"Picha," simu ikasema.

Nikashusha kidole.

"Picha. Picha. Kitufe. Kitufe."

"Mbona haisomi?" niliuliza.

Mtengeneza tovuti alikohoa. "Walisema hadithi zitaibwa, dada. Mtu ananakili, anaweka jina lake. Ndiyo maana tukazipiga picha kurasa, maandishi yasinakilike."

"Akina nani walisema?"

"Tulipiga kura," rafiki yangu akajibu. "Wewe ulikuwa umeenda kwenu kwenye mavuno."

"Na wewe?"

"Nilinyoosha mkono. Si unajua watu wa mtandaoni walivyo wezi?" Kisha akashusha sauti, kama mtu anayetoa zawadi. "Usijali bwana. Nitakuwa nakuja kukusomea. Kama zamani."

Wale wezi hakuwahi kukutana na hata mmoja wao. Mimi nilikula naye sahani moja.

Mchoraji, ambaye hakuona kilichokuwa kinapita kati yetu, alinishika mkono kwa furaha. "Na juu kabisa tumekuweka wewe, simu sikioni, unacheka. Tumeandika: Tovuti ya Wote. Umependeza kweli!"

"Toeni hadithi yangu," nilisema. "Na picha yangu."

"Kila mwandishi anaweza kutoa ya kwake," mtengeneza tovuti akasema. "Bonyeza tu hicho kitufe cha..." Akakatiza, akikumbuka kwamba vitufe havikupewa majina.

Nilimgeukia rafiki yangu. "Bonyeza wewe."

Nikasikia kucha yake ikigonga kioo cha simu yake.

"Tayari," akasema.

Nilifungua tovuti upya, nikapitisha kidole kuanzia juu hadi chini. "Picha," simu ilisema. "Picha. Picha." Labda alikuwa ameitoa, labda hakuitoa; kwa simu yangu zote zilikuwa picha tu. Nilitoka nje nikaita bodaboda inipeleke Misunkumilo, ninakoishi, na mpaka leo sijamwuliza mtu yeyote aniangalizie.