Kichwa Kilichonikataza Kukaa

Niwieni radhi nikiongea nimesimama, ndivyo nilivyozoea. Naitwa Musyoka. Ni mchongaji wa vinyago na ninakaa hapa Kaloleni. Nataka kuwaambia jinsi kichwa kilivyotaka kunimaliza, kwa sababu pengine humu ndani yuko anayeteseka hivyo akidhani yuko peke yake.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu mwenye afya. Kutwa nilishinda kwenye banda la wachongaji, nikitoa twiga na ndovu kwenye magogo kwa tezo langu. Jioni nilirudi kwa mke wangu Mwikali na binti yetu Ndinda. Jumamosi nilikunywa bia na wenzangu, nikavuta na sigara. Hata malaria ilikuwa ikinipitia kando.

Ilianza katika miaka hii ya tisini, mvua za masika zilipoanza. Tulikuwa tumemaliza githeri ya mchana pale bandani. Pua ikaziba, tundu la kushoto tu. Nikadhani ni homa. Halafu kitu kikaingia nyuma ya jicho la kushoto, kama msumari uliotoka motoni. Sitii chumvi. Jicho likawa jekundu, kope ikalegea, machozi na kamasi vikashuka upande huo mmoja. Nilitupa tezo nikaanza kutembea. Nilikaa, nikainuka. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Baada ya kama saa moja kikaondoka ghafla, nikabaki nimelowa jasho.

"Bwana, umelogwa ama umelewa?" akaniuliza Kilonzo, tuliyechonga naye. Tukacheka.

Kesho yake, saa nane mchana, kikarudi. Na kesho yake tena. Hatukucheka tena.

Nilimeza dawa za kichwa za dukani. Zilipoanza kufanya kazi, kichwa kilikuwa kimeshakwenda zake. Kwa vile maumivu yalishuka hadi kwenye taya, nilimwendea mng'oa meno mmoja. Aling'oa gego. Kichwa kikarudi. Akang'oa la pili, kikarudi. Alipotaka la tatu nilimwambia, "Daktari, meno yakiisha utang'oa nini?"

Kanisani waliniombea. Mchungaji aliniambia nipige magoti nitulie mbele za Bwana, lakini kichwa kilikuwa kimenishika na sikuweza. Nilizunguka madhabahu kama mnyama aliyefungwa kamba. Mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwamba pepo ndio wasiopiga magoti. Niliyasikia maneno hayo, na yaliniuma.

Nyumbani nilikuwa nikigonga kichwa ukutani. Ndiyo, kwa nguvu, mpaka ngozi ya paji ikachubuka, maana maumivu ya ukuta yalikuwa afadhali. Mwanzoni Mwikali alijaribu kunishika. Baadaye aliacha. Alichukua mto akauegemeza ukutani pale nilipokuwa nikigonga, akaushikilia kwa mikono yake miwili, huku analia. Ndinda alijificha chini ya meza.

Asubuhi zenyewe hazikuwa zangu tena. Nilikuwa nikiiogopa saa nane tangu ninapofungua macho. Nilijikata vidole kwa patasi. Nilianza twiga, nikaacha, nikaanza mwingine. Siku moja nilimwambia mke wangu, "Mwikali, hiki kitu kikiendelea, sitaki kuishi."

Hakunipigia kelele. Aliniangalia, akajifunga leso, akanishika mkono tukaenda moja kwa moja dukani kwa Mama Zuhura, jirani yetu mwenye asili ya Pwani. Akamwambia yote mbele yangu.

"Mwanangu," Mama Zuhura akaniambia, "yuko daktari mwanamke, Daktari Nasimiyu. Kazi yake ni vichwa na maumivu tu. Dada yangu aliteswa na kipandauso miaka, yeye ndiye aliyemtuliza."

"Mama, kweli kuna daktari wa kichwa kuuma tu?"

"Kuna wa macho, kuna wa meno. Kwa nini kichwa kisiwe na wake? Nenda!"

Tulikwenda hospitalini kwake. Foleni ilikuwa ndefu, na saa nane ikanikuta kwenye benchi. Niliruka. Nikaanza kupita ukumbini huku na huku, ngumi kwenye jicho, kamasi inashuka, naguna. Akina mama wakavuta watoto wao karibu. Askari wa mlangoni akaja.

"Mzee, keti ama utoke. Hapa si kilabuni."

"Hajalewa!" Mwikali akapiga kelele. "Ni mgonjwa!"

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwanamke mfupi mwenye koti jeupe. Alinitazama kidogo tu, kisha akasema, "Mwacheni atembee." Akaja akatembea nami, bega kwa bega, nikigeuka anageuka.

"Kinauma wapi?"

"Kushoto. Jicho."

"Kimewahi kuhamia kulia?"

"Hapana."

"Kinakuja saa ngapi?"

"Sasa! Kila siku ni sasa!"

"Ukilala gizani hakipoi?"

"Daktari, siwezi kulala! Siwezi kukaa!"

"Najua," akasema.

Neno hilo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Aliagiza mtungi wa oksijeni. Nilipouona nilishtuka, kwa sababu mitungi ile nilikuwa nimeiona kwa watu wanaokata roho. "Nakufa?" nikamuuliza. "Hufi. Inama mbele kidogo, pumua." Alinishikia kifuniko puani na mdomoni. Nilipumua huku miguu ikinicheza. Pole pole ule msumari ukaanza kutoka. Daktari alipoondoa mkono wake nilikuwa nimeketi kitini, nimetulia, na Mwikali alikuwa amepiga magoti ameshika viatu vyangu. Tulilia wote wawili bila aibu.

Daktari alinipima, akanipeleka kupigwa picha ya kichwa kuhakikisha hakuna kitu kingine. Hakikuonekana. Kisha akatueleza. "Si pepo, si meno. Ni kichwa kinachokuja kwa msimu. Hupiga kila siku kwa wiki nyingi, kisha hupotea, na huweza kurudi. Mwenye kipandauso hutafuta giza alale. Mwenye hiki hawezi kutulia, ndiyo maana watu humwita mwendawazimu. Sitakudanganya kwamba nitakimaliza kabisa. Lakini tutakizuia."

Alinipima moyo kwanza, ndipo akanipa vidonge. Alinikataza pombe na sigara. Akazungumza pia na muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu ili kichwa kikija nipewe oksijeni hapo. Basi mchana watu waliniona nikikimbia. Vijana wa gereji walinipigia kelele, "Niaje Musyoka, unaenda kujazwa pressure?" Niliwapungia mkono tu. Nilikuwa nakimbia.

Haikuwa rahisi. Vidonge vilinifungia choo na kunivimbisha miguu, nikataka kuviacha. Daktari akapunguza kiasi, akanisihi nivumilie. Kichwa kikaanza kuruka siku. Halafu mchana mmoja, nikiwa nachonga, Kilonzo akasimamisha patasi.

"Musyoka," akasema, "saa tisa hii."

Banda zima likageuka kunitazama. Nikagusa jicho langu. Lilikuwa kavu. Kilonzo akaenda kuninunulia soda, na mzee mmoja mchongaji akaanza kuimba kwa Kikamba.

Mwaka uliofuata kilirudi, siwafichi. Lakini kilikuta vidonge vipo, zahanati ipo, na mke wangu anajua ni kitu gani. Hakikunigongesha ukutani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwikali, na Mama Zuhura, na daktari yule. Wewe unayeumwa, usikubali kung'olewa jino lisilo bovu, na usimeze vidonge vya dukani kila siku kama njugu. Ukifika mahali pa kutamani kufa, mwambie mtu siku hiyohiyo, usingoje. Na ninyi mlio na mgonjwa nyumbani, mkimwona hatulii, msimwambie atulie. Muulizeni panapouma, mshikeni mkono, mwende naye mpaka mpate anayejua.