Kadi Saba za Wingu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, miguuni viatu vya kuazima, nikidhani nitafundishwa kuzungumza redioni. Kituo chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vyuma, Changamwe, kando ya barabara iendayo Airport, na kila ndege ilipotupitia juu mtangazaji alinyamaza akangoja. Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Maktaba ya nyimbo, mzee wa Kimvita mwenye kofia safi na sauti ndogo. Hakunionyesha kipaza sauti. Alinionyesha gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizi ni kadi za salamu, utazisoma zote. Lakini kwanza nambie, wingu ni nini?"

"Ni mvua, mzee."

"Mvua!" Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Basi hujui kitu. Keti."

Ninyi mnaoomba wimbo kwa simu hamkuikuta kazi ile. Msikilizaji alinunua kadi dukani, akaandika jina lake, majina ya anaowasalimu, wimbo anaoutaka na maneno machache ya kuusindikiza. Kisha akaitumbukiza katika mojawapo ya masanduku yetu. Likoni lilikuwapo moja, dukani karibu na feri. Mimi nikawa mchambuzi wa kadi. Nilizipanga kwa mitaa, nikautafuta kila wimbo katika faharasa, yaani droo za orodha ya nyimbo zetu zote kwa mada, ndipo nikampelekea mtangazaji.

Kulikuwa na droo ya harusi, ya msiba, ya safari. Nilipofungua ya nne nikakuta ni mawingu matupu. Nilishangaa. Nani angeimba wingu hadi lijaze droo? Mzee alinieleza polepole, siku baada ya siku. Wingu la nyimbo za injili nililijua tangu kwaya ya kwetu Kaloleni: Bwana anarudi nalo. Katika nyimbo za dansi, wingu ni la kibarua aliyetoka bara. Analiona likielekea kwao, naye hana nauli, basi analikabidhi salamu limpelekee mama. Lakini la taarabu lilikuwa jambo jingine, na orodha yake iliandikwa kwa wino mwekundu.

"Ukisikia wingu limetanda, usitazame juu," aliniambia. "Tazama nyumbani kwa mtu."

Wino ule mwekundu ulikuwa na sababu. Kabla sijaajiriwa, mume mmoja alikuja na rungu akavunja kioo cha mapokezi kwa sababu ya salamu alizopelekewa mkewe. Tangu hapo Mkuu wa Vipindi akatoa amri: kadi yenye fumbo, isiyotaja jina la anayepelekewa, haiingii hewani. Itiwe katika boksi chini ya meza, na mwisho wa mwezi ichomwe nyuma ya jengo. Kuliamua fumbo ni lipi ikawa kazi yangu, nami nikaifanya kwa fahari. Nilijiona hakimu.

Nilikuwa na miaka sita kazini kadi ya kwanza kati ya saba ilipotoka sanduku la Likoni. Iliomba wimbo wa taarabu ambao mwimbaji analia kwamba wingu limesimama juu ya paa lake na mvua inanyesha kwingine. Maneno ya kusindikiza yalisema: "Kwa mama mmoja wa Chaani asiyetazama juu. Ni mimi Mlezi, Timbwani."

Mimi mwenyewe nilikaa Chaani. Niliwasomea wenzangu kwa sauti, tukacheka. "Maskini," nikasema, "mumewe anakula kwingine na yeye amekaa anasonga ugali!" Nikaitia katika boksi. Wiki iliyofuata ikaja nyingine, mwandiko uleule, wimbo uleule. Kadi sita zilikuja. Tulifika mahali pa kubahatisha ni mama yupi wa mtaani kwangu, na wa kwanza kutaja majina nilikuwa mimi.

Mkuu wa Maktaba peke yake hakucheka. Alipoiona ya sita aliigeuzageuza, akaniuliza, "Timbwani wamjua nani?"

"Mama mkwe wangu yuko huko, ng'ambo ya feri, mzee. Lakini yeye hajui hata kuandika."

Alilisoma tena jina la Timbwani, akanirudishia kadi.

Wiki ya saba nilikuwa likizoni, kadi zikichambuliwa na kibarua mgeni. Jumapili mchana tulikuwa mezani, mimi, watoto na Baba Karisa, mume wangu, karani wa shehena bandarini, aliyekuwa siku hizo akifululiza zamu. Redio ilikuwa wazi kama kawaida. Nikasikia mtangazaji akisema, "Kwa Mama Karisa wa Chaani, mke wa karani wa bandarini." Kazini hawakulijua jina langu hilo la mtaani, nikatabasamu. Nani kanikumbuka? Naye akaendelea kusoma kwa sauti yake ya furaha: "Wingu liko juu ya paa lako, mwanangu. Mvua inanyesha Kiembeni. Ni mimi Mlezi, Timbwani."

Wimbo ukaanza. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa ameshika tonge la wali, haliendi kinywani wala halirudi sahanini.

"Zima hiyo redio," akasema.

"Nani yuko Kiembeni?"

"Mama Karisa, mambo ya redio..."

"Mimi ndiye ninayechagua mambo ya redio. Nani yuko Kiembeni?"

Akaweka tonge chini. "Watoto ni wawili," akasema.

Watoto! Mimi sikuwa nimeuliza kuhusu watoto. Karisa, aliyekuwa na miaka kumi, aliinuka akaizima redio mwenyewe.

Sikungoja kuvaa vizuri. Nilivuka feri na kanga za jikoni, nikamkuta mama mkwe Timbwani amekaa kizingitini, analia. Jirani alikuwa amemwambia kilichosomwa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu mama yule hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu, nami niliamini ananichukia.

"Mama, ulijua?"

"Kadi saba, mwanangu! Saba! Niliandikiwa na katibu wa kanisani kwetu. Nikasema, huyu mtoto wanasema anasoma kadi zote, mbona hii yangu haioni? Ya saba nikamwambia akutaje jina."

"Kwa nini hukuja ukaniambia?"

"Yule nimemzaa mimi. Ningekaa kwenye kiti chako nikaanza wapi?" Akajifuta uso kwa leso. "Isitoshe, sikutaka isomwe na watu. Nilikuwa nakuandikia wewe peke yako."

Nikakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Nilikuwa nimeyasoma maneno yake mara sita, na mara sita nikawachekesha watu nayo.

Baba Karisa alihamia Kiembeni mwaka uleule. Hatukupigana, aliona haya kuliko mimi. Mama mkwe alipoanza kusumbuliwa na miguu nilimleta Chaani, watu wakastaajabu, na yeye mwenyewe akastaajabu zaidi. Kazini nilirudi. Asubuhi ile nilikuta Mkuu wa Maktaba ameshanimiminia chai mezani pangu. Alipostaafu niliachiwa cheo chake. Zikaja simu, kadi zikakoma, na mwishowe kompyuta ikawa ndiyo inayochagua wimbo, nayo haijui wingu la injili wala la taarabu. Nilifanya kazi hiyo mpaka umri ukanitoa.

Siku niliyostaafu nilirudi nyumbani na cheti katika fremu. Mama mkwe, macho yake yakiwa yameshafifia, alikipapasa pembe zote nne, akanipongeza. Kisha akanirudishia mkononi.

"Mwanangu, zile kadi nyingine mlizokuwa mkizichoma, zilikuwa zikienda kwa akina nani?"

Nilisimama na fremu mkononi, nisijue pa kuiweka. Kwa miaka yote ile nilidhani kadi za onyo zilizochomwa bila kumfikia mwenyewe zilikuwa zangu tu.