Kaputula Yangu Nyuma ya Kioo cha Himbi

Kama mumesikia wamama wa soko la Kituku, hapa Goma, wakicheka juu ya bwana mmoja wa Mabanga aliyekwenda mutaa wa Himbi kuposa akawaonyesha wakwe mgongo badala ya zawadi, musihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, na nimeamua kuandika mwenyewe kwa sababu kila mutu anayesimulia anaongeza yake (kuna hata mwenye kusema nilikuwa uchi, uongo mutupu, nilikuwa na kaputula, na kaputula ndiyo iliyonimaliza).

Munanijua, mimi ni mutu wa nyumbani. Nikiamka navaa kaputula yangu ya bluu, ya mupira, ijapokuwa mupira niliuacha siku ile nilipoacha sekondari, nakaa kwenye kiti changu karibu na mulango, redio huku, bakuli ya maharagwe huku, na jioni ikifika hakuna aliyenituma popote nasema Mungu asante. Kaputula hiyo ilipasuka nyuma zamani, nikaiweka kiraka cha gunia la muchele, nikakishona kwa mikono yangu, imara kabisa, maandishi yakiangalia inje. Nyumbani nani ataniangalia nyuma?

Sasa mudogo wangu Patient akapenda. Kazi yake ni kubandika vioo vya kisasa kwenye maofisi na nyumba za wenye uwezo, na kule Himbi, kwa muzee mmoja tunayemwita Papa Furaha, alibandika karatasi laini ya plastiki kwenye ukuta wa kioo unaotenganisha saluni ya wageni na biro yake ya kazi, akamaliza kazi, lakini kila wiki akawa na sababu ya kurudi "kuangalia waya." Waya zenyewe ziliitwa Furaha, binti wa nyumba.

Kazi hiyo alinieleza mezani, siku moja nikiwa nachambua maharagwe; mimi kaka yake ananiita yaya.

"Yaya Deo, sikiliza. Ndani ya hii plastiki kuna matone madogo-madogo, hata macho haiyaone, ya kitu yenye iko maji nusu, fuwele nusu, ndugu ya ile iko ndani ya televizyo. Bila courant, bila umeme, kila tone linaangalia kwake, mwanga unapotea mule, kioo inakuwa maziwa. Ukitia courant, yote yanasimama musitari moja kama wanafunzi kwenye bendera, mwanga unapita, unaona mutu mupaka meno."

Nikasema, "Ndiyo, ndiyo," nikatupa harage bovu. Katika maneno yote yale nilishika mawili, courant na maziwa, na kichwa changu kikayaunga chenyewe: courant ikikuja, maziwa inakuja. Si ndivyo? Katika huu muji kila kitu kizuri kinakuja na courant.

Siku ya kubisha hodi ikafika. Aliyetakiwa kusema kwa niaba yetu ni baba mukubwa, anaishi Bukavu, lakini mguu ukamvimba asiweze kupanda mashua, na neno likaniangukia mimi, mutu ambaye hata misa naenda ile fupi. Papa Furaha akakubali, kwa sharti: kabla hatujaachana, mukubwa wetu atoe baraka yake kwa telefone, isikike. Bila sauti ya mukubwa, hakuna neno. Na tulijua kuna familia ingine, ya Butembo, imekwisha kupewa Jumapili yao ya kubisha kwenye mulango uleule. Tukishindwa leo, Furaha ameenda.

Patient akaniazimia kostime, suti nzima ya rafiki yake. Nikaiangalia, nikaangalia kaputula yangu, nikajiambia: nitarudi upesi, kwa nini nivue? Nikavaa patalo, yaani suruali, juu yake. Ndiyo yote niliyoamua siku ile, mengine yote yalijiamua yenyewe.

Kufika Himbi, patalo ilikuwa imenikaba kama deni la kanisa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Groupe, mashine ya umeme, iko pale nyuma ya nyumba, mafuta iko, lakini Papa Furaha alikataa iwashwe: "Neno ya mutoto wangu haitasemewa juu ya kelele ya moteur." Tukakaa na joto. Mbele yetu Papa Furaha, mwembamba, amenyooka kama msumari. Kando yake Koko, mama yake, mwenye miwani mizito. Kisha shangazi wa Furaha na wamama wengine nyuma. Na desturi mbili za nyumba tulielezwa mulangoni: bwana harusi hafungui kinywa mpaka neno lipokelewe, na msemaji hatoki kwenye kiti.

Mimi kukaa ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote, lakini kiti hicho kilikuwa na sindano. Nilitazama telefone: betri kidogo tu, nyekundu. Nikatazama mulango. Nikatazama telefone tena. Baba mukubwa apige! Asipige kwanza, betri! Apige! Nikasema maneno yangu ya salamu nikiruka mistari, nikamsifu marehemu ambaye hakuwa marehemu (mume wa shangazi, alikuwa amesafiri), na nilipoinama kuomba radhi kifungo cha patalo kikaruka tii! kikagonga glasi ya Koko.

"Ni nini hiyo?" Koko akauliza.

"Ni kifungo, mama," nikasema, mikono miwili tumboni. "Papa, naomba nipite pembeni kidogo, nisikilizane na mukubwa wetu."

Papa Furaha akaangalia mikono yangu. "Msemaji anasimama?"

"Ni ju ya baraka, papa."

Akanionyesha biro kwa kidevu. Kioo kilikuwa cheupe, maziwa ya asubuhi, huoni hata kivuli. Patient aliona ninakoelekea, akanitolea macho, akafungua kinywa, "Yaya, ile ki..." na Papa Furaha akageuka: "Bwana harusi anasema?" Patient akafunga. Nikamkonyeza kumtuliza, maskini, nikidhani anaogopa juu ya ndoa yake.

Ndani nikafunga mulango, nikavuta pumzi ya kwanza tangu Mabanga, nikavua patalo ili nikaze kiuno kwa pini niliyoiona mezani. Nikiwa hapo, mutaa mzima ukapiga kelele: "Eeeeh! Courant!" Munajua kelele hiyo. Taa ikawaka juu ya kichwa changu, na mimi, kama mutoto yeyote wa Goma, sikufikiri patalo, sikufikiri wakwe, nilifikiri chaja iliyokuwa mufukoni mwa koti. Prizi ya kuchomekea ilikuwa chini ya meza, ukutani. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya meza, nyuma yangu ikabaki kwenye kioo, na tena nikajisemea moyoni: vizuri, sasa maziwa yamezidi.

Telefone ikalia palepale. Baba mukubwa! Waya wa chaja ulikuwa mufupi kama uvumilivu wangu, kwa hiyo nilibaki nimeinama hivyohivyo, nikafungulia sauti kubwa ili baraka isikike saluni, maana muzee anaongea toka ng'ambo ya ziwa. Akaanza. Akabariki Patient, akabariki Furaha, akabariki watoto ambao bado, ng'ombe, mvua, mulango wa Papa Furaha. Mimi kila mara, "Amina, baba," na kila amina nilikuwa natikisa kiuno, kwa sababu magoti yalikuwa yanauma.

Aliposema amina ya mwisho nikasikia kimya. Si kimya cha nyumba tupu, ni kimya cha watu wengi wanaojishika. Kisha sauti ya Koko, wazi kabisa:

"Pale nyuma pameandikwa nini? Miwani yangu haifike."

Shangazi akasoma polepole, kama somo kanisani: "Poids net... uzito kamili... kilo makumi mbili na tano."

Nikageuka. Hakukuwa na kioo. Yaani kilikuwepo, lakini kilikuwa maji, hewa, hakuna kitu, na ng'ambo yake ukoo mzima umekaa umepangwa, wamama wameziba vinywa kwa vitenge, Patient ameficha uso kwenye magoti, na Papa Furaha bado amenyooka vilevile. Nilikimbilia patalo, nikaingiza miguu miwili tundu moja, nikaanguka. Hapo ndipo saluni ilipasuka kwa kicheko.

Nilitoka nikiwa nimeshika kiuno. Hakuna aliyenipa kiti. Niliwaza Jumapili ya wale wa Butembo, niliwaza mudogo wangu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutaka kurudi nyumbani, maana ningerudi naye vipi?

"Papa," nikasema, "aibu ni yangu. Mutoto huyu musimuhesabie."

Papa Furaha akamgeukia mama yake. Koko alikuwa anafuta machozi chini ya miwani.

"Sauti ya mukubwa wao tumeisikia?" akauliza.

"Tumeisikia, mama. Imepita chini ya mulango."

"Basi. Wengine wanakuyaka hapa wamefunikwa vizuri, tunawajua kisha ya harusi. Hawa tumewaona mupaka kilo. Mimi nimepokea."

Papa Furaha akainamisha kichwa, na naapa mabega yake yalitikisika. Kisha akasimama: neno limepokelewa, lakini msemaji alitoka kwenye kiti, kwa hiyo kuna amende, faini ya mbuzi, na mbuzi huyo nimlete mimi mwenyewe, kwa miguu, kutoka Mabanga mpaka Himbi, mchana, nimevaa vizuri.

Nilimleta. Alikataa kutembea kila kona, na kila kona kulikuwa na mutu wa kuuliza, "Papa Poids Net, unaenda wapi?"

Patient na Furaha wako kwao sasa, na kipande cha ile plastiki kilichobaki mudogo wangu alinipatia, nimekibandika kwenye dirisha la chumba changu. Alikuja na waya zake, akitaka kuniunganishia, nikamfukuza na waya zake. Kibaki maziwa. Courant ije, courant iende, mimi niko ndani na kaputula yangu, kiraka kikiangalia ukuta.