Moyo wa Bibi

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, baba alichinja ng'ombe nikiwa likizo. Kwetu moyo ulikuwa wa bibi, lakini niliuomba kwanza. Shuleni tulichorewa moyo wa mtu kwa chaki, na mchoro ule ulinikera kwa sababu sikuuelewa.

Nikaupasua ule wa ng'ombe kwa wembe juu ya ngozi mbichi. Nikaona vyumba vinne, nikapitisha kidole kwenye mshipa mkubwa, nikaubinya ukuta wa kushoto, mnene kuliko wa kulia. Bibi alitazama kitoweo chake kikichanwachanwa.

Jioni aliupika, akanipa ukuta ule mnene. "Kula," alisema, "usije ukasahau."

Sasa nafundisha wauguzi. Nikifika ukuta wa kushoto, mate hunijaa mdomoni.