Kucha za Mzee Mchomvu

Siku niliyoripoti kwenye shule yangu ya kwanza, huku milimani Upare Kusini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi vitu viwili: boksi la chaki na jembe. Akasema, "Ukichoka kufundisha, binti, nenda shamba la shule. Ukichoka shamba, rudi darasani." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa na kila mtoto alitakiwa shuleni, lakini walimu tulikuwa wanne tu. Asubuhi nilifundisha zamu ya kwanza, mchana zamu ya pili, kisha nikasimamia watoto kupalilia mahindi. Saa kumi kilianza kisomo, yaani masomo ya watu wazima. Na andalio la somo, ile karatasi ya kupanga utakachofundisha, lilidaiwa kila siku, uwe mzima uwe mgonjwa. Ninyi mnaita msongo wa kazi. Sisi hatukuwa na jina lake. Tulikonda tu na kufoka ovyo.

Ijumaa moja niliingia kwenye kisomo bila hata kusalimu. "Simameni! Mikono mbele!" Ndivyo tulivyokagua usafi wa watoto kila asubuhi. Wazee wa watu wakasimama, wakanyoosha mikono. Nikapita na rula. Kwa Mzee Mchomvu, mkubwa kuliko baba yangu, nikaona udongo kwenye kucha, nikampiga vidole. Ndipo nilipoinua macho nikaona mvi zake.

Nilitoka mbio nikilia. Hata kama nisingefukuzwa, ningepitaje tena kijijini? Nikaandika barua ya kuacha kazi. Asubuhi yake, kabla ya kuipeleka kwa Mwalimu Mkuu, nilikwenda kwa mzee nikapiga magoti uani.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba, mwalimu. Kucha zilikuwa chafu kweli, nilitoka kupalilia tangawizi." Akanitazama. "Ila mwanangu, jana ulikula saa ngapi?"

Sikukumbuka. Akamwita mkewe aniletee makande. Nikala huku machozi yananitiririka, naye akakaa pale mpaka bakuli likaisha.

Wiki iliyofuata Mzee Mchomvu na wanakisomo wenzake wakaitana msaragambo, ile kazi yetu Wapare ya kusaidiana. Wenyewe wakalipalilia shamba la shule lote, wakamwambia Mwalimu Mkuu kwamba siku za kisomo wasinione tena shambani. Akakubali, kwa shingo upande. Barua ya kuacha kazi niliitia motoni. Kisomo kilipoanza tena, Mzee Mchomvu alisimama wa kwanza, akanyoosha mikono iliyosuguliwa ikang'aa. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote.

Baadaye nilihamishiwa Kwakoa, kisha Same mjini, ambako nilikuwa Mwalimu Mkuu mpaka nikastaafu. Kila nilipomsikia mwalimu kijana anawafokea watoto bila sababu, nilimwita ofisini. Alikuja na andalio lake la somo mkononi. Nilimwuliza amekula saa ngapi. Wengi walidhani nawatania, mpaka nilipofunua sufuria ya makande.